Jeraha Liko Mguuni, Mtoki Umefikaje Kinenani?

Mkulima ameshuka kutoka Kinole na mkungu wa ndizi kichwani. Njiani kisiki kimemchoma unyayo. Amefunga kitambaa, akaendelea hadi sokoni mjini Morogoro. Kesho yake unyayo umevimba na una joto, keshokutwa usaha umeanza kujikusanya. Halafu usiku, anapojigeuza kitandani, anahisi kitu kigumu chenye ukubwa wa njugu kinauma kinenani, upande uleule wa mguu wenye jeraha. Pale hakugongwa wala hakuanguka. Basi anauliza swali ambalo watu wengi wanaotembea kwa miguu wamewahi kuliuliza: jeraha liko chini, mtoki umepandaje huku juu?

Jibu la mtaani ni kwamba uchafu wa jeraha umepanda. Si jibu baya, na mbele tutaona kwamba nusu yake ni kweli. Ila haligusi jambo gumu zaidi. Damu haisimami. Mtu akiwa amekaa tu kivulini, damu yake humaliza mzunguko wa mwili mzima kwa muda wa dakika moja hivi. Chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na vijidudu, zimo ndani ya mkondo huo. Zinapita unyayoni kama zinavyopita masikioni na kwenye ini. Zinajuaje kwamba leo ni zamu ya kushuka unyayoni? Na zikishajua, zinajishika na nini?

Zinajishika kwa sukari.

Si sukari ya kwenye chai

Kabohaidreti ni jina la kundi zima la vyakula ambavyo nyumbani tunavigawa mara mbili, wanga na sukari. Wanga wa ugali, wa muhogo au wa ndizi za kupika ni sukari ndogo nyingi zilizoungana katika mnyororo mrefu. Ukila, tumbo huukata mnyororo huo hadi kubaki glukosi, sukari ndogo ambayo damu huisambaza kila mahali. Karibu yote huchomwa ili upate nguvu ya kupanda mlima tena. Sehemu ndogo sana haichomwi. Mwili huigeuza umbo, ukapata sukari za aina nyingine, na hizo huzijengea nje ya seli zake.

Seli ni kipande kidogo kabisa cha mwili kinachoweza kuitwa hai. Imezungushiwa utando mwembamba, na juu ya utando huo zimesimama protini, vijenzi vya mwili vya jamii ileile tunayoipata kwenye maharage na dagaa. Kwenye protini hizo zimeshikizwa nyuzi fupi za sukari, nyingine zikiwa na matawi. Kila seli ya mwili wako imefunikwa hivyo. Kwa hiyo seli mbili zinapokutana, kitu cha kwanza kugusana mara nyingi ni sukari.

Kama umewahi kuchangia damu, ushahidi unao kwenye kadi yako. Herufi A, B, AB au O zinataja sukari. Kwenye chembe nyekundu za damu za karibu kila binadamu kuna uzi mfupi ambao nchani una sukari iitwayo fukosi. Mwenye kundi O ameishia hapo. Mwenye A ameongezewa sukari moja, mwenye B ameongezewa nyingine, na mwenye AB anazo zote mbili. Karl Landsteiner, daktari wa Vienna, alitangaza makundi ya A, B na O mwaka 1901 bila kujua kwamba alichokuwa akikitazama ni sukari. Hilo lilikuja kufahamika miongo kadhaa baadaye. Na tofauti hiyo ya sukari moja inatosha kumuua mgonjwa aliyewekewa damu isiyolingana na yake. Jina la fukosi lishike, maana litarudi.

Kunata bila kuganda

Chembe nyeupe ni za aina kadhaa. Zinazofika kwanza kwenye jeraha huitwa nutrofili. Uboho, ile sehemu laini iliyo ndani ya mifupa, hutengeneza nutrofili zipatazo bilioni 100 kwa siku, na nyingi huishi siku moja au chache tu. Usaha unaouona kwenye jipu ni nutrofili kwa sehemu kubwa, zilizokufa zikiwa kazini. Asiyependa usaha afikirie hilo kidogo.

Nutrofili hushuka kutoka kwenye damu katika vishipa vidogo vinavyoikusanya damu iliyokwisha kutumika ili irudi moyoni. Huko damu hukimbia kiasi cha milimita moja kwa sekunde. Inaonekana polepole, lakini nutrofili yenyewe ina upana wa sehemu moja tu ya mia ya milimita. Kwa sekunde moja inavuka umbali ulio mara 100 ya upana wake. Mtu wa kimo cha wastani angelazimika kukimbia zaidi ya mita 150 kwa sekunde ili aifikie kwa uwiano huo, kisha asimame ghafla mlangoni pa nyumba moja aliyoitiwa.

Gundi kali ingezisimamisha, lakini pia ingeziba kishipa, na unyayo ungekosa damu kabisa. Kinachotakiwa ni mshiko unaonasa haraka na kuachia haraka. Aliyepita kichakani baada ya mvua anakijua kishona nguo. Mbegu yake nyembamba nyeusi ina vimiba vichache nchani. Mbegu moja ikishika suruali unaipangusa bila hata kutazama. Mia zikishika, unakaa chini kuzitoa moja baada ya nyingine. Sukari za chembe nyeupe zinafuata hesabu hiyohiyo: mshiko mmoja ni dhaifu na huachia kabla sekunde haijaisha, ila mishiko ni mingi.

Upande wa pili wa mshiko huo kuna protini ziitwazo selektini. Kazi yake ni moja, kutambua uzi wa sukari wenye umbo fulani na kuushika kwa kitambo kidogo. Ziko tatu, nazo hutajwa kwa herufi: selektini P na selektini E, ambazo hutokeza kwenye ukuta wa ndani wa kishipa, na selektini L, inayobebwa na chembe nyeupe zenyewe. Uzi wa sukari unaopendwa zaidi na selektini una sukari nne tu. Mojawapo ni fukosi, na nyingine ni asidi ya sialiki, sukari yenye uchachu inayokaa nchani kabisa. Ondoa moja kati ya hizo mbili na selektini haishiki tena.

Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walipima nguvu ya mshiko huo na kukuta jambo linalokwenda kinyume na mazoea. Kamba ya kawaida ukiivuta zaidi hukatika mapema. Mshiko wa selektini P na sukari yake ukivutwa kiasi hudumu muda mrefu kuliko usipovutwa. Ukizidisha sana kuvuta ndipo unakatika. Maana yake ni kwamba mkondo wa damu, ambao ungetarajia uzing'oe chembe nyeupe, ndio unaozisaidia kushika. Na mwendo wa damu ukipungua mno, chembe huachia zikaondoka, kwa hiyo hazijazani mahali ambapo damu imelala.

Saa za kwanza za jeraha

Turudi unyayoni. Tangu kisiki kimechoma, mambo hufuatana hivi:

- Ndani ya dakika chache seli za mahali palipoumia hutoa kemikali za kuamsha, mojawapo ikiwa histamini, ileile inayosababisha kuwasha ukiumwa na mdudu. Seli za ukuta wa kishipa huwa na akiba ya selektini P iliyotengenezwa tayari, nazo huisukuma nje mara moja.
- Nutrofili inayopita karibu na ukuta hunaswa na selektini hizo. Haisimami. Inabingirika ukutani, mishiko ya nyuma ikiachia na ya mbele ikishika.
- Baada ya saa chache selektini E, ambayo haikuwa na akiba, imekwisha kutengenezwa. Hufikia wingi wake kati ya saa nne na sita.
- Nutrofili inayobingirika huonja kemikali zilizoko ukutani. Zikithibitisha kwamba kuna vijidudu, protini nyingine za nutrofili, ziitwazo integrini, hubadili umbo na kushika kwa nguvu. Sasa inasimama kweli.
- Mwisho hujipenyeza kati ya seli za ukuta, ikatoka nje ya damu na kuingia kwenye nyama ya unyayo.

Unyayo unakuwa mwekundu, wa moto na mzito kwa sababu ya shughuli hiyo. Uvimbe wa siku ya pili ni dalili kwamba kazi imeanza.

*Kwa ufupi: sukari na selektini hupunguza mwendo wa chembe nyeupe, integrini huzisimamisha. Bila hatua ya kwanza, ya pili haipati nafasi.*

Sentensi hiyo ya mwisho si dhana tu. Mwaka 1991 Michael Lawrence na Timothy Springer, wakiwa Harvard, walipitisha nutrofili kwenye mkondo wa maji juu ya kioo kilichopakwa protini. Kwenye kioo chenye selektini peke yake, nutrofili zilibingirika bila kusimama. Kwenye kioo chenye protini inayoshikwa na integrini peke yake, zilipita tu kana kwamba hakuna kitu. Walipopaka zote mbili na kuziamsha nutrofili, zilibingirika kisha zikasimama.

Walioona kabla ya kuelewa

Kubingirika kwenyewe kulionekana zamani mno. Katika miaka ya 1830 Wazungu wenye hadubini walitandaza ngozi nyembamba iliyo kati ya vidole vya chura aliye hai, wakatazama damu ikipita. Chembe nyekundu zilikwenda kasi katikati, na pembeni zilikuwapo chembe zisizo na rangi zikijikokota ukutani. Mwaka 1867 Julius Cohnheim, Mjerumani, alizitazama zikipenya ukuta na kutoka nje, na akasema wazi kwamba usaha unatokana na damu. Wenzake wengi walikuwa wakiamini kwamba usaha huzaliwa palepale kwenye jeraha.

Kwa nini zinanata? Karibu miaka 100 ilipita kabla mtu hajashuku sukari. Jaribio ninalolipenda zaidi katika habari hii yote ni la Bertram Gesner na Victor Ginsburg, la mwaka 1964. Walichukua limfosaiti za panya, aina ya chembe nyeupe inayohifadhi kumbukumbu ya magonjwa, wakazichanganya na kimeng'enya kinachokata sukari kwenye uso wa seli. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi ya kemia mwilini. Kisha wakazirudisha ndani ya panya. Limfosaiti zisizoguswa zilikwenda kama kawaida kwenye tezi, vile vifuko ambavyo tutavifikia kwenye habari ya mtoki. Zilizonyolewa sukari zilipotea njia, nyingi zikaishia kwenye ini. Hazikuwa zimekufa, ila hazikujua tena pa kwenda. Kwa vifaa vya wakati ule, ambapo hakuna aliyeweza kusoma sukari hizo moja moja, ni jaribio la akili nyingi na gharama ndogo.

Mwaka 1976 Hugh Stamper na Judith Woodruff wa New York walikata tezi ya panya iliyogandishwa vipande vyembamba na kumwagia limfosaiti juu yake. Zilinata kwenye vishipa vya aina moja tu, zikaacha sehemu nyingine zote. Mwaka 1983 Lloyd Stoolman na Steven Rosen wa San Francisco waliongeza sukari fulani kwenye mchanganyiko huo, na limfosaiti zikashindwa kunata, kwa kuwa sehemu za kushikia zilikuwa zimekwisha kujazwa. Selektini zenyewe zilitambuliwa moja moja, na mwaka 1989 ikathibitika kuwa zote tatu ni za ukoo mmoja. Mwaka uliofuata ule uzi wa sukari nne ukatajwa.

Basi mtoki ni nini?

Kinenani, kwapani na shingoni kuna tezi za limfu, vifuko vidogo vyenye umbo la haragwe. Limfu ni majimaji yanayovuja kutoka kwenye damu na kuosha nyama ya mwili, kisha hurudishwa kwa mirija yake yenyewe. Majimaji ya mguu hupitia tezi za kinena. Kwa hiyo vijidudu vya unyayoni, vikiwa hai au vipande vipande, kweli hupanda hadi kinenani. Hiyo ndiyo nusu sahihi ya jibu la mtaani.

Nusu ya pili inatoka upande mwingine, kwenye damu. Ndani ya kila tezi kuna vile vishipa vya aina ya pekee ambavyo Stamper na Woodruff waliviona. Kuta zake zimejaa sukari inayotambuliwa na selektini L. Hapa mambo yamegeuzwa: unyayoni selektini ziko ukutani na sukari iko kwenye chembe nyeupe, kwenye tezi sukari iko ukutani na chembe nyeupe ndiyo inayobeba selektini. Kila siku, hata usipoumwa, limfosaiti hunasa hapo, huingia, hukagua kilicholetwa na limfu, na zisipokuta kitu huondoka.

Likiwapo jeraha lenye vijidudu, vishipa vya tezi hupanuka na limfosaiti nyingi zaidi huingia, huku mlango wa kutokea ukifungwa kwa muda. Zinazotambua kijidudu huanza kuzaliana. Tezi hujaa, ganda lake huvutika, na hapo mtu huhisi mtoki.

*Kwa ufupi: mtoki si jeraha la pili. Ni mahali ambapo vijidudu vilivyopanda na limfu vinakutana na limfosaiti zilizoshuka kutoka kwenye damu.*

Kwa kawaida mtoki hunywea jeraha linapopona. Usikandwe kwa nguvu wala usichanjwe kwa wembe. Ukibaki kwa wiki kadhaa, ukikua bila kuuma, au ukitokea pasipo jeraha lolote, uende ukaonyeshwe hospitali, maana tezi huvimba pia kwa kifua kikuu na saratani.

Watoto wasiotoa usaha

Mwaka 1992 Amos Etzioni na wenzake walieleza habari za watoto wawili wa kiume wa Kiarabu nchini Israeli, wasio ndugu. Waliugua nimonia na vidonda mara kwa mara, na vidonda vyao havikutoa usaha. Ungedhani hawana chembe nyeupe. Kinyume chake, damu yao ilikuwa nazo nyingi kupita kiasi, mara kadhaa ya kawaida. Zilizunguka tu, hazikuweza kushuka.

Kilichofungua kitendawili hicho ni kundi la damu. Watoto wote wawili hawakuwa A, B wala hata O. Walikuwa na kundi adimu sana ambalo uzi wake hauna fukosi. Kama chembe nyekundu zimekosa fukosi, na chembe nyeupe zinahitaji fukosi ili kunaswa na selektini, basi huenda mwili mzima umeshindwa kuitumia sukari hiyo. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2001 ilijulikana kwamba kasoro iko kwenye protini inayoisafirisha fukosi ndani ya seli. Kabla ya hapo mtoto mwingine mwenye ugonjwa huo, aliyetibiwa Ujerumani, alikuwa amenyweshwa fukosi na chembe zake zikaanza kushika. Kwake sukari ya kunywa ilikuwa dawa.

Kuna ugonjwa wa jamii hiyo ambao kasoro yake iko kwenye integrini, hatua ya pili. Dalili yake ya mwanzo ni kitovu cha mtoto mchanga kukawia kuanguka, mara nyingi kupita siku 30, kwa sababu hata kukatika kwa kitovu kunahitaji chembe nyeupe zifike pale. Ni ugonjwa adimu, na kitovu kinaweza kuchelewa kwa sababu nyingine. Lakini kitovu kilichochelewa pamoja na maambukizi yasiyokoma ni habari ya kumpelekea daktari.

Wafugaji wanaujua kwa sura nyingine. Ng'ombe wa Friesian walipata kasoro hiyohiyo ya integrini, na ukoo wa ugonjwa ulifuatiliwa hadi kwa dume mmoja wa Marekani, Osborndale Ivanhoe, aliyezaliwa 1952. Watoto wake walikuwa wazuri kwa maziwa, mbegu zao zikasambazwa kwa uhimilishaji, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 dume mmoja kati ya saba hivi wa Friesian nchini Marekani alibeba kasoro hiyo bila kuugua. Ndama aliyeirithi pande zote mbili hukonda, fizi huoza, na mara nyingi hafiki umri wa kuzaa. Tangu 1992 madume hupimwa. Anayefuga chotara wa maziwa Morogoro anaponunua mbegu kutoka nje aulize kama dume amepimwa. Wataalamu wa mifugo wanaosomeshwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, palepale chini ya milima ya Uluguru, wanajua swali hilo linahusu nini.

Watoto wale na ndama hawa wananifanya niwe mkali kwa wauzaji wa vidonge vya “kuongeza kinga” kwenye stendi na mitandaoni, wanaotangaza kwamba dawa yao inapandisha chembe nyeupe. Wingi peke yake si kinga. Tena Waafrika wengi wenye afya njema wana nutrofili chache kwenye damu kuliko Wazungu, kwa sababu ya tofauti ya kurithi iliyokuja pamoja na kinga dhidi ya aina moja ya malaria. Mtu akisoma majibu ya maabara yaliyopangwa kwa vipimo vya Ulaya anaweza kuambiwa “ziko chini” wakati hana ugonjwa wowote. Wala kula sukari zaidi hakusaidii. Mwili hujitengenezea fukosi yake kutokana na glukosi ya chakula cha kawaida, na sukari ikizidi kwenye damu, kama kwa mgonjwa wa kisukari asiyetibiwa, chembe nyeupe hufanya kazi vibaya. Ndiyo maana kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari hakitakiwi kudharauliwa hata siku moja.

Zikinata kupita kiasi

Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wakiwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Tumezoea kuelezwa kwamba chembe nyekundu hujikunja kama mundu na kuziba vishipa. Hiyo ni kweli, ila haitoshi. Kwa mgonjwa huyu ukuta wa kishipa umechokozwa muda wote, kwa hiyo selektini P imejitokeza hata pasipo jeraha. Chembe nyeupe hunasa na kukaa, chembe nyekundu nazo hunasa kwenye chembe nyeupe, na njia inafungwa. Maumivu makali ya mifupa yanayomlaza mtoto hospitali huanza hivyo kwa sehemu kubwa.

Dawa ya haidroksiurea, inayotumika nchini, husaidia kwa njia zaidi ya moja: huongeza damu ya kitoto isiyojikunja, na pia hupunguza chembe nyeupe na kunata kwake. Mwaka 2019 Marekani iliruhusu dawa ya sindano, crizanlizumab, inayoifunika selektini P isishike sukari. Utafiti wa kwanza ulionyesha vipindi vya maumivu vikipungua kwa karibu nusu. Utafiti mkubwa uliofuata haukuona tofauti na maji matupu, na mwaka 2023 Ulaya iliondoa kibali chake. Kujua kitu kinavyofanya kazi hakujawa bado kukitibu, na dawa hiyo ya bei kubwa haikuwa na sababu ya kumnyima usingizi mzazi wa Morogoro ambaye mwanawe anapata haidroksiurea.

Sukari ya kondo la nyuma

Vimelea vya malaria navyo vimejifunza kunata. Kimelea kinachoua zaidi Afrika, falsiparamu, hukaa ndani ya chembe nyekundu na kuiotesha juu yake protini za kushikia. Chembe iliyoambukizwa ikibaki inazunguka, itapita kwenye wengu na kuharibiwa. Kwa hiyo hujibandika kwenye kuta za vishipa na kukwepa. Baadhi hukusanya chembe nyekundu nzima na kujizungushia, zikishikilia sukari za makundi A na B. Mwenye O hana sukari hizo, na utafiti uliofanyika Mali na kutolewa 2007 ulionyesha kwamba watu wa kundi O hupata malaria kali kwa nadra zaidi. Haimaanishi kwamba hawapati malaria.

Kisa kilicho karibu zaidi nasi ni cha wajawazito. Kwa muda mrefu wauguzi waliona jambo la ajabu: mwanamke aliyekulia kwenye malaria, mwenye kinga iliyokomaa, hushika mimba ya kwanza na kuugua upya kama mgeni. Jibu lilitoka Kisumu. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha kwamba kondo la nyuma lina sukari yake, iitwayo kondroitini salfeti A, na kwamba wapo vimelea vinavyoishika hiyo na kuacha sehemu nyingine. Kabla ya mimba, mwanamke huyo hakuwa na kondo. Mwili wake haujawahi kukutana na vimelea vya aina hiyo. Vinajaa kwenye kondo, mama anapungukiwa damu, mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Katika mimba zinazofuata mwili huwa umekwisha kuvitambua. Utafiti uliendelea Muheza, mkoani Tanga, na chanjo zinazolenga protini hiyo ya kushikia zimeshaanza kujaribiwa kwa watu.

Kwa mkoa wa Morogoro hili lina uzito wake, kwa kuwa malaria si moja mlimani na bondeni. Mbu hupungua kadiri baridi inavyozidi, kwa hiyo aliyekulia juu Mgeta hakuumwa na mbu wengi kama aliyekulia Kilosa au Ifakara. Mwanamke anayeteremka kuolewa bondeni hana kinga ya wenyeji, na kwake hatari haiishii kwenye mimba ya kwanza.

Hadi chanjo ipatikane, kinga iliyopo ni ya kawaida na inatolewa kliniki: chandarua chenye dawa, na vidonge vya SP vya kukinga malaria kuanzia baada ya miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, angalau dozi tatu zilizoachana mwezi mmoja au zaidi, isipokuwa muuguzi atakapokwambia dawa yako nyingine haipatani nazo. Usisubiri homa. Vimelea vilivyojificha kwenye kondo vinaweza kukosekana kwenye tone la damu ya kidole, na mama akajiona mzima. Anza kliniki mapema, na umeze dozi zote.